Mkate wa mchele uliolala: Kwa nini pua haitoshi kukuambia kuwa umeharibika

Na Mwandishi Wetu, Kisesa

WATU wengi wanapotaka kujua kama chakula kilicholala bado kinalika, hufunua chombo, huinama na kunusa. Kama hakuna harufu ya kuchacha, chakula hupashwa moto na kuliwa. Kwa vyakula vingi utaratibu huo husaidia. Kwa vyakula vya mchele, hasa mikate laini inayopikwa kwa mvuke, pua ni shahidi asiyetegemewa.

Sababu ni kwamba moja ya sumu zinazoweza kutengenezwa ndani ya mchele uliokwisha kupikwa haina harufu, haina rangi wala ladha. Tena haiharibiwi kwa kupashwa moto. Mkate unaweza kuwa mweupe, laini na wenye kunukia iliki, na bado ukabeba sumu ya kutosha kumtapisha mtu mzima na kumlaza mtoto.

Jambo hili linawagusa moja kwa moja wakazi wa miji inayokua kama Kisesa, katika Wilaya ya Magu, kando ya barabara kuu iendayo Musoma, takribani kilomita 20 kutoka katikati ya Jiji la Mwanza. Wengi walio nje ya mkoa wanaifahamu Kisesa kwa sababu ya jirani yake Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma, ambako kila Juni umati hukusanyika kwa ngoma za Bulabo. Lakini kwa siku za kawaida Kisesa ni mji wa wasafiri, wafanyabiashara na wafanyakazi wanaoamka mapema kuwahi mjini, na mtu anayewahi safari hunywa chai ya haraka na kitafunwa kilichokwisha kupikwa.

Kitafunwa hicho mara nyingi ni cha mchele, kwa sababu Usukuma ni nchi ya majaruba. Kitumbua ndicho kinachojulikana zaidi. Mkate wa kumimina, ambao wengine huuita mkate wa mchele, ni mgeni kutoka Pwani na Visiwani aliyefuatana na wenyeji wake hadi Kanda ya Ziwa. Mchele hulowekwa, husagwa pamoja na tui la nazi, huwekewa hamira, sukari na iliki, huachwa uumuke, kisha hupikwa kwa moto wa chini na juu au kwa mvuke. Katika nyumba za Watanzania wenye asili ya Kihindi iko idli, mkate mdogo wa mchele na choroko nyeupe unaopikwa kwa mvuke mtupu bila mafuta.

Majina na ladha vinatofautiana, lakini mbele ya vimelea vyakula hivi ni ndugu wa damu moja. Vyote ni wanga ulioiva, uliojaa maji, usio na chumvi nyingi. Sukari iliyomo ni ya kuleta utamu tu. Haifikii hata kwa mbali kiwango kinachoifanya asali au jemu idumu kabatini kwa miezi.

Mbegu isiyokufa kwa kuchemshwa

Udongo wa shamba lolote la mpunga una bakteria anayeitwa na wataalamu Bacillus cereus. Si mdudu wa uchafu kama wale wanaotoka chooni, na kuwapo kwake hakuna maana kwamba mpishi hakunawa mikono. Anaingia katika mchele pamoja na vumbi la shamba, anapita mashine ya kukoboa, anafika dukani na hatimaye jikoni.

Mazingira yanapokuwa magumu kwake, bakteria huyu hujifunga ndani ya ganda gumu na kulala, mfano wa mbegu ya mahindi ghalani. Wataalamu huiita hali hiyo spora. Spora huvumilia ukavu kwa miaka, na nyingi huvumilia kuchemshwa. Hapa Mwanza, ambako uso wa Ziwa Victoria uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi joto 96 hivi za Sentigredi badala ya 100. Lakini hata 100 zisingetosha.

Kwa hiyo mkate unapotoka jikoni, bakteria wa kawaida wamekufa, ila spora zimebaki. Tena joto la kupikia limeziamsha. Mkate ukipoa hadi kwenye uvuguvugu, spora hupasuka na bakteria wapya hutoka wakijikuta kwenye chakula tele, maji ya kutosha na hakuna wa kushindana naye, maana wapinzani wao wote waliungua.

Hesabu inayofuata inatisha kidogo. Kwenye joto la nyuzi 30 hivi bakteria hawa huweza kuongezeka mara mbili kila baada ya nusu saa. Mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne. Baada ya saa 10 mmoja amekwisha kuwa zaidi ya 1,000,000. Jikoni mambo huenda polepole kuliko hivyo, kwa kuwa spora huhitaji muda wa kuzinduka na usiku wa Mwanza huwa na ubaridi fulani. Hata hivyo mkate uliopikwa saa mbili usiku na kuachwa mezani hadi saa kumi na moja alfajiri umekaa saa tisa, na saa tisa ni nyingi.

Mwezi wa Ramadhani unatoa mfano ulio wazi zaidi. Mkate wa kumimina hupikwa alasiri ili uwahi futari. Unaobaki hufunikwa na kuhifadhiwa kwa daku. Kuanzia saa kumi alasiri hadi saa kumi usiku ni saa 12 kamili, na mlaji wake ni mtu ambaye atakaa kutwa nzima bila kunywa maji. Akianza kutapika baada ya daku, atapungukiwa maji mwilini haraka kuliko mtu mwingine.

Sumu ni mbili

Bakteria huyu anaweza kumdhuru mtu kwa njia mbili, na ni vyema msomaji azitofautishe.

Njia ya kwanza ni kuharisha. Bakteria wengi humezwa pamoja na chakula, hutengeneza sumu ndani ya utumbo, na saa 6 hadi 15 baadaye tumbo hukata na kuharisha kuanza. Sumu hii ni dhaifu mbele ya moto, na chakula kikipashwa hadi ndani bakteria waliokwisha kuchipuka hufa.

Njia ya pili ndiyo inayohusishwa zaidi na mchele. Bakteria wanapoongezeka ndani ya chakula chenyewe huweza kuacha humo sumu iitwayo sereulaidi. Mlaji hutapika kati ya nusu saa na saa 6 baada ya kula. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa sumu hii huvumilia nyuzi joto 121 kwa dakika 90. Hakuna jiko la mkaa, kikaango wala chombo cha mvuke cha nyumbani kitakachoiondoa. Bakteria watakufa, sumu waliyoiacha itabaki.

Hapo ndipo ilipo hitilafu ya desturi yetu ya kupasha kiporo. Kupasha moto kunatibu chakula kilichohifadhiwa vizuri. Kile kilicholala vibaya hakitibiki tena.

Dunia ilijifunza somo hili kwa awamu. Nchini Norway, mwishoni mwa miaka ya 1940, wagonjwa na wafanyakazi wa hospitali mjini Oslo waliharisha baada ya kula mchuzi mtamu wa vanila uliotengenezwa kwa wanga wa mahindi na kuachwa nje ya jokofu. Mtafiti Steinar Hauge, kwa ujasiri ambao leo kamati yoyote ya maadili ingeukataa, alimwotesha bakteria huyo katika mchuzi kama huo kisha akaunywa mwenyewe. Aliugua.

Miaka ya mwanzo ya 1970 ikawa zamu ya Uingereza. Watu waliokula wali wa kukaanga kwenye migahawa ya Kichina walikuwa wakitapika muda mfupi baada ya mlo. Uchunguzi ulionyesha kuwa wali ulichemshwa kwa wingi, ukaachwa nje usiku kucha, na kesho yake ukakaangwa haraka kwa wateja. Wapishi hawakupenda kuuweka kwenye jokofu kwa sababu punje hugandana na kuwa ngumu kuchambuka. Msomaji aikumbuke sababu hiyo, maana tutakutana nayo tena.

Kwa kawaida ugonjwa huu huisha wenyewe ndani ya saa 24, lakini si mara zote. Mwaka 2008 nchini Ubelgiji kijana wa miaka 20 alikula tambi alizozipika siku tano kabla na kuziacha jikoni bila jokofu. Alizipasha moto, akala, na kufikia alfajiri alikuwa amefariki kwa kuharibika ini. Tambi si mchele, lakini zote ni wanga uliopikwa kwa maji.

Hotpoti na ndoo ya plastiki

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika kanuni zake tano za usalama wa chakula zilizotolewa mwaka 2001, linaitaja hatari ya chakula kukaa kati ya nyuzi joto 5 na 60. Chini ya 5 bakteria wengi husinzia, juu ya 60 hawawezi kuongezeka. Kanuni inasema chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili.

Kwa kipimo hicho vyombo vyetu viwili tuvipendavyo vinastahili kutazamwa upya.

Hotpoti ni chombo kizuri kikitumiwa kwa kazi yake. Kikijazwa mikate inayofuka moshi na kufungwa mara moja, hubakia na joto la kutosha kwa saa kadhaa. Tatizo huanza joto linaposhuka chini ya 60, kwa sababu chombo kile kile kilichozuia joto kutoka sasa kinazuia mkate kupoa. Hotpoti iliyofungwa usiku na kufunguliwa asubuhi ikiwa vuguvugu imefanya kazi ya kuku aliyelalia mayai. Njia rahisi ya kupima ni hii: mkate ukitolewa na usiweze kuushika kwa raha kwa sababu ya moto, hotpoti bado inalinda. Ukiweza kuushika bila kuhisi unaungua, saa zimeanza kuhesabika.

Ndoo ya plastiki yenye mfuniko, inayoonekana sana kwenye vituo vya mabasi, ina kasoro nyingine. Mikate ya moto ikipangwa ndani na kufunikwa, mvuke hupanda, hugonga mfuniko, hugeuka matone na kuangukia ile ya juu. Ile ya chini hubanwa na kutoa jasho. Ngozi ya mkate hulowa, na mahali palipolowa ndipo ute na ukungu huanzia. Wazee wa Pwani waliofunika vyakula kwa kawa la ukindu hawakuwa washamba. Kawa huzuia inzi na kuruhusu mvuke utoke.

Namna bora ya kupoza ni kuutoa mkate kwenye chombo ulichopikiwa, kuukata vipande na kuvitandaza kwenye sinia bila kupandana, mahali penye hewa, na kuvifunika kwa kitambaa chepesi kilicho safi. Unene ndio adui. Mkate mzito kama tofali unaweza kuwa umepoa juu huku katikati ukiwa bado na uvuguvugu baada ya saa nyingi, na katikati ndipo bakteria wanapostarehe. Ukikatwa nusu ya unene wake hupoa kwa muda ulio chini ya nusu. Mamlaka za chakula za Uingereza hutaka wali upoe na kuingia kwenye jokofu ndani ya saa moja, na kwa vipande vyembamba jambo hilo linawezekana hata jikoni kwetu.

Wasio na jokofu huuliza kuhusu mtungi au kitambaa kilicholoweshwa maji. Mbinu hizo hupunguza nyuzi chache na hufaa kwa nyanya na mchicha, lakini haziwezi kukishusha chakula hadi 5. Mvuvi wa sangara anajua hili vizuri kuliko mwandishi yeyote: maji ya ziwa peke yake hayamhifadhi samaki, ndiyo maana boti hubeba barafu. Kwa nyumba isiyo na umeme wa uhakika jibu ni moja, nalo halina njia ya mkato. Mkate wa mchele upikwe kwa kiasi cha kuliwa siku ile ile, ndani ya saa chache.

Mgumu si mbovu

Turudi kwenye sababu ya wapishi wale wa Uingereza. Mkate wa mchele ukiingia kwenye jokofu hukakamaa. Kesho yake hukatika kama chaki, na mama mwenye nyumba huamini kuwa jokofu limeuharibu. Safari nyingine anauacha mezani, na asubuhi anaukuta laini, anafurahi.

Kinachotokea ni kwamba wanga ulioiva, ukipoa, hujipanga upya na kubana. Ubaridi ulio juu kidogo ya kuganda huharakisha mpango huo. Huko si kuoza. Mkate huo ukirudishwa kwenye mvuke kwa dakika 10 hadi 15, wanga hulegea tena na ulaini hurejea karibu kama awali. Kwa maneno mengine, katika chakula hiki kile kilichokakamaa kwenye jokofu ndicho salama, na kile kilicholainika mezani ndicho cha kutilia shaka. Hukumu ya vidole vyetu imekuwa kinyume.

Ulaini unaoongezeka kadiri mkate unavyokaa ni dalili mbaya zaidi, kwa kuwa baadhi ya bakteria humeng'enya wanga na kuugeuza uji.

Kwenye jokofu linalofanya kazi, lenye ubaridi wa nyuzi 5 au chini, ni busara mkate wa mchele usikae zaidi ya siku moja. Sehemu ya kugandisha huuhifadhi kwa wiki kadhaa na, cha kushangaza, huukausha kidogo kuliko sehemu ya kawaida, mradi vipande vifungwe kimoja kimoja kwenye mfuko usiopitisha hewa. Vikitolewa viende moja kwa moja kwenye mvuke, bila kuachwa vyeyuke mezani kutwa. Kupasha ni mara moja tu. Kilichopashwa kikabaki, kitupwe.

Umeme ukikatika mlango wa jokofu usifunguliwe. Ukirudi baada ya saa nyingi na vilivyogandishwa vimekuwa maji, mikate iliyokuwa humo ihesabiwe kuwa ililala nje.

Dalili zinazoonekana

Pamoja na yote yaliyosemwa, uharibifu mwingi hujionyesha, na hakuna sababu ya kula chakula ambacho tayari kinapiga kelele.

Ute ndiyo dalili ya mapema. Pitisha kidole kilicho safi juu ya ngozi ya mkate. Ukiteleza kama jani la bamia, umekwisha. Ukaumegua polepole na kuona nyuzi nyembamba zinavutika kati ya vipande viwili, hali kama hiyo waoka mikate ya ngano wanaifahamu, na huambatana na harufu tamu ya tunda lililoiva kupita kiasi. Harufu hiyo huwadanganya wengi, kwa sababu si ya uvundo. Mkate ulionukia nanasi bila kuwekewa nanasi haufai.

Mkate wenye tui la nazi una dalili zake. Mafuta ya nazi yakianza kuharibika hutoa harufu na ladha ya sabuni. Mtu akisema mkate una sabuni, asilaumiwe aliyeosha vyombo kabla ya tui kuchunguzwa.

Ukungu huja baadaye, mara nyingi siku ya pili au ya tatu, ukiwa mweupe kama pamba, wa kijani, mweusi au wa rangi ya machungwa. Wako wanaokata sehemu iliyoota na kula iliyobaki. Kwa mkate laini na wenye unyevu hilo halifai, maana nyuzi za ukungu huwa zimekwisha kupenya mbali kuliko jicho linavyoona, na baadhi ya sumu za ukungu, sawa na sereulaidi, haziogopi moto. Taifa halijasahau mwaka 2016, wakati watu walipopoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi.

Uchachu ndio unaowachanganya watu zaidi. Idli inapaswa kuwa na uchachu wa mbali, kwa sababu rojo lake huachwa lichachuke usiku kucha kwa bakteria wa asili watengenezao asidi. Asidi hiyo humkwamisha Bacillus cereus kwa kiasi fulani, na ndiyo sababu Wajapani hutia siki kwenye wali wa sushi. Mkate wa kumimina ulioumuliwa kwa hamira kwa saa moja au mbili haupati asidi ya namna hiyo. Uchachu uliokuwapo mkate ulipotoka motoni ni ladha yake. Uchachu uliozuka baadaye, mkate ukiwa umekaa, ni uharibifu.

Hata hivyo uchachu wa rojo usichukuliwe kuwa cheti. Januari 2015 huko Chitima, katika Mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walifariki baada ya kunywa pombe ya kienyeji. Uchunguzi wa baadaye ulikuta sumu inayotengenezwa na bakteria aina ya Burkholderia gladioli, na unga wa mahindi ulioharibika ukatajwa kuwa chanzo. Unga au nafaka iliyolowa maji na kusahaulika kwa siku kadhaa hairekebishwi kwa kuongezewa sukari na hamira. Mchele mkavu hukaa miezi. Ukishaloweshwa, saa zake zinahesabika.

Mtaji wa muuzaji

Ni rahisi kumwambia muuzaji atupe mikate iliyobaki. Ni vigumu zaidi kumwambia hivyo ukijua kuwa ndani ya beseni lile mna mchele, nazi, mkaa na ada ya mtoto. Mikate ya jana ikichanganywa na ya leo faida inaonekana, hasara inahamia kwa mnunuzi asiyejua.

Njia iliyo nafuu ni kupika kwa awamu. Badala ya kupika yote usiku, mchele unaolowekwa ugawanywe mara mbili. Wa kwanza upikwe alfajiri kwa wanaowahi mabasi, wa pili uanze kuiva baada ya kuona soko la asubuhi lilivyokwenda. Siku mvua ikinyesha na wateja wakapungua, kinachobaki ni mchele mkavu ndani ya gunia badala ya mikate ndani ya ndoo. Mtoaji wa mikate naye atumie koleo au uma. Ngozi na pua za binadamu hubeba bakteria mwingine, stafilokoka, ambaye naye akiongezeka ndani ya chakula huacha sumu isiyoharibika kirahisi kwa moto.

Kisheria usalama wa chakula nchini ulikuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Mwaka 2019 jukumu la chakula lilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Lakini beseni la kando ya barabara halibandikwi alama ya ubora, na mwenye nafasi ya kuliona ni bwana afya wa halmashauri. Mnunuzi naye anaweza kuuliza swali moja: umepika saa ngapi? Muuzaji aliyepika alfajiri hulijibu bila kusita.

Mtu akiugua

Anayetapika baada ya kula chakula cha mchele anahitaji maji kuliko anavyohitaji dawa. Pakiti moja ya chumvichumvi za ORS huchanganywa na lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, mgonjwa akanywa kidogo kidogo na mara kwa mara. Pakiti ikikosekana, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja vitasaidia wakati mgonjwa anapelekwa kituoni. Dawa za kuua bakteria haziwezi kuondoa sumu iliyokwisha kumezwa.

Katika ukanda wetu mtoto anayetapika hudhaniwa kwanza kuwa na malaria. Sumu ya mchele kwa kawaida haileti homa, lakini hilo lisimfanye mzazi awe daktari. Kipimo cha malaria kifanyike. Macho yaliyozama, kushindwa kunywa, damu kwenye choo, kuchanganyikiwa au macho kuwa ya manjano ni sababu za kwenda hospitali bila kusubiri kupambazuke.

Kuna jambo jingine ambalo huku Kanda ya Ziwa haliwezi kupuuzwa. Watu kadhaa wakianza kutapika baada ya harusi au msiba, neno la kwanza huwa ni kwamba wamelishwa sumu, na la pili huwa ni jina la mtu. Kanda hii imeshuhudia kwa miaka mingi vikongwe wakiuawa kwa tuhuma za uchawi. Sufuria kubwa la wali au lundo la mikate iliyopikwa tangu jana yake linaweza kufanya yote ambayo jirani anatuhumiwa kuyafanya, bila mkono wa mtu.

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji maabara. Waulizwe wote, waliougua na ambao hawakuugua, walikula nini na saa ngapi. Mara nyingi sumu ya namna hii huonyesha mpangilio: waliokula mapema, chakula kikiwa cha moto, wamebaki wazima, waliokula masalia usiku wa manane au asubuhi ndio wagonjwa, nao wameanza kutapika ndani ya saa chache zinazolingana.

Baada ya hapo taarifa ifike kituo cha afya au kwa bwana afya siku ile ile, na chakula kilichobaki kisimwagwe kwa hasira wala kupewa mbwa. Kiasi kidogo kiwekwe kwenye chombo safi chenye mfuniko, kiandikwe siku na saa kilipopikwa, kisha kiwekwe kwenye barafu hadi wataalamu watakapokichukua.